Mama Povu Atafuta Mtaa

Watu wanaohamia mji mkubwa huuliza mambo mengi kuhusu mtaa wanaoutaka. Wezi wapo? Shule iko wapi? Umeme hukatika? Barabara ina lami au ni tope mpaka magotini? Mama Povu alikuwa na swali moja tu, nalo hakuliuliza kwa mdomo. Alilibeba ndani ya mkoba wake, limefungwa kwa mfuko wa nailoni: kipande cha sabuni ya mche.

Jina la Mama Povu hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja, katika mji mdogo alikokuwa dobi. Mashati ya walimu, sare za wauguzi, shuka za nyumba ya wageni iliyokuwa karibu na stendi, majoho ya kwaya, yote yalipita mikononi mwake. Na mikono yenyewe ilikuwa imekuwa kama ya mtu mwingine: kiwiliwili kina miaka arobaini na kitu, vidole vimekunjamana kama vya bibi wa watu, lakini vyeupe, visafi, na kucha zimekatwa mpaka kwenye nyama. Mumewe alikuwa akimtania kwamba siku ya kufa kwake mwoshaji atapumzika, maana mikono itakuwa imeshaoshwa tayari.

Mumewe huyo alikuwa fundi wa mabasi, na watu wote walimwita Fundi Breki. Kazi ndiyo iliyompa jina, ila na tabia ilisaidia. Kila jambo alilikanyagia kwanza. Ukimwambia twende, anauliza tunarudi saa ngapi. Ukimwambia chai imeiva, anauliza ina moto kiasi gani. Basi kampuni yake ilipofunga gereji ndogo za mikoani na kuwakusanya mafundi wote katika gereji kuu ya mjini, yeye alikaa na barua ya uhamisho mfukoni siku kadhaa kabla ya kumwonyesha mkewe. Alipomwonyesha, Mama Povu alikuwa anakamua shuka. Aliisikiliza ikisomwa mpaka mwisho, akaendelea kukamua, maji yakimtiririka hadi kwenye viwiko.

"Nitakwenda na wewe," alisema. "Lakini sikai tena."

"Hukai? Sasa tutaishi wapi, angani?"

Mume alicheka peke yake. Alijua vizuri mkewe alikuwa anasema nini.

Walipooana, Mama Povu aliuacha uwanja wa mama yake mzazi, dobi kama yeye, akamfuata mume kwenye kituo chake cha kwanza. Kampuni iliwapa chumba juu ya duka la vipuri. Chumba kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta, na bomba lilikuwa chini, la wenye duka. Uani wenyewe haukuwepo. Basi akakaa bila kazi. Alikaa mwaka wa kwanza akidhani ni jambo la kupita, akakaa wa pili, akakaa mpaka mtoto wa kwanza akaota meno na wa pili akajifunza kutembea kwa kushika ukuta uleule. Fundi Breki hakuwa mume mbaya. Hakuwahi kumnyima kitu. Lakini kuna uchovu ambao haumpati anayefanya kazi, humpata anayeomba. Ilimbidi aombe ya chumvi. Aombe ya kiberiti. Aombe ya nauli ya kwenda kumzika shangazi yake. Kila alipoomba alisikia sauti yake ikipungua kidogo, kama redio ambayo betri zake zinakwisha, mpaka kuna siku alimwita mtoto naye mtoto hakusikia, ilhali alikuwa chumba hichohicho.

Walipohamishiwa ule mji mdogo wakapata nyumba yenye uwanja, alinunua beseni kabla ya kununua kitanda. Na sauti ilirudi. Ilirudi na ziada, kama Fundi Breki alivyopenda kusema.

Ndiyo maana sasa, wakiwa wamewaacha watoto kwa bibi yao mpaka muhula wa shule uishe, wamelala kwenye godoro sebuleni kwa dada yake Fundi Breki, ilhali mume anatakiwa kuripoti kazini mwanzoni mwa mwezi, Mama Povu hakuwa anatafuta nyumba. Nyumba ziko tele. Alikuwa anatafuta maji yanayotoa povu, jua lisilozuiwa na ghorofa ya mtu, na upepo. Akikosa kimojawapo, atarudi kwenye chumba kile cha juu ya duka, hata kama mara hii kitakuwa na vigae na choo cha kuvuta.

Wifi yake alikuwa na mawazo mengine. Wifi alikuwa mpokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno, na kwa kuwa siku nzima aliwatazama watu wenye midomo iliyovimba, jioni alipenda kuongea sana na wenye midomo mizima. Tayari alikuwa amewatafutia nyumba: ghorofa ya nne, jengo la pili kutoka kwake. Kuna lifti, kuna mlinzi mwenye kofia, kuna bustani ndogo ambayo haikanyagwi.

"Wifi yangu, hapa ndipo wanapoishi watu," alisema akimtembeza vyumbani. "Tazama jiko. Tazama kabati. Ukifungua hivi, linajifunga lenyewe, polepole, kama lina adabu."

Mama Povu alifungua bomba. Akatoa sabuni, akalowesha mikono, akasugua. Povu lilipanda jeupe, zito, likamfika kwenye vifundo vya mikono, likakaa hapo bila kupasuka. Maji ya namna hiyo hakuwa ameyaona tangu aondoke kwa mama yake. Akafungua mlango wa roshani. Ukutani kulikuwa na tangazo ndani ya fremu ya kioo: ni marufuku kuanika nguo kwenye roshani.

"Sasa mnaanika wapi?" akamuuliza mlinzi walipoteremka.

"Ndani, mama. Wengine wana mashine, inafua na kukausha."

"Na wasio na mashine?"

Mlinzi akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Wanaanika usiku, wanaanua alfajiri. Mimi sijaona kitu."

Mama Povu alicheka naye, akamshukuru, na akamwambia wifi yake pale pale kwenye bustani isiyokanyagwa kwamba nyumba ni nzuri sana ila si yake.

"Kwa sababu ya kamba?" Wifi alishika kiuno. "Kamba ya nguo? Wifi, mchagua nazi hupata koroma, nakwambia."

"Koroma huiva, wifi. Nazi iliyooza haiivi."

"Haya. Na mkataa pema?"

"Najua, pabaya panamwita. Nimeshapasikia pakiniita. Panaitwa ghorofa ya nne."

Fundi Breki, aliyekuwa nyuma yao, alijifanya anakagua tairi ya gari la mtu.

Yeye naye alikuwa na mtaa wake. Ulikuwa nyuma ya gereji, mwendo wa mtu kuvuta sigara moja. Angeweza kwenda nyumbani mchana kula na kurudi kazini kabla chai ya wenzake haijapoa. Alimwonyesha mkewe nyumba kwa fahari ya kimyakimya, kama mtu aliyeficha zawadi nyuma ya mgongo. Vyumba vitatu, uwanja mpana, bomba lake peke yake. Mama Povu hakutoa sabuni. Alitoa leso nyeupe, akaipitisha kwenye kizingiti cha dirisha, akamwonyesha. Leso ilikuwa na mstari mweusi kama uliochorwa kwa mkaa. Kiwanda cha kuchoma mipira iliyochakaa kilikuwa mtaa wa pili, na moshi wake ulikuwa hauchagui.

Fundi Breki aliisugua leso ile kwa kidole gumba.

"Ningekuja kula mchana," alisema.

"Najua, baba."

Hiyo ilimuuma kuliko maneno yote ya wifi. Kumkatalia mtu jambo la kijinga ni rahisi. Kumkatalia jambo zuri, ambalo amelitaka kwa upole na kwa ajili yako pia, kunahitaji moyo mgumu, na Mama Povu hakupenda kujiona na moyo mgumu. Lakini alikunja leso, akaiweka mkobani, akatangulia barabarani.

Dalali ndiye aliyewapeleka bondeni. Alikuwa kijana wa maneno mengi, kila nyumba kwake ilikuwa ya mwisho na kila mpangaji mwingine alikuwa njiani na pesa mkononi. "Mama, hii usipoichukua leo, kesho utaniona adui." Lakini mara hii maneno yake hayakuwa ya bure. Uwanja ulikuwa mpana, nguzo mbili za chuma zilisimama tayari kama zilizomngoja, na jua lilikuwa limejaa kote mithili ya maji kwenye sinia. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili zilizotangulia. Majani yalikuwa yamesafishika na vumbi lilikuwa limelala. Mwanamke aliyekuwa akitunza nyumba alimtekea maji kwenye kopo. Mama Povu akasugua sabuni. Povu! Akacheka kama mtoto. Na basi la kwenda gereji lilikuwa linapita mlangoni, basi moja tu bila kubadilisha.

"Hapa," alisema. Akampa dalali mkono. Jioni ile wifi alipewa habari, na Fundi Breki akamwambia msimamizi wa gereji, alikokuwa ameanza kusaidia hata kabla ya siku ya kuripoti, kwamba amepata makazi.

Mama yake Mama Povu alikuwa na kanuni, na hakuwa na nyingi: maji usiyaamini mpaka yamekauka juu ya nguo nyeupe. Mikono hudanganya, alisema, kwa sababu mikono inataka kufurahi. Binti yake aliifuata kanuni hiyo maisha yake yote, isipokuwa siku ile bondeni. Alikuwa amechoka kulala sebuleni kwa watu. Alikuwa amechoka kuonekana mgumu. Alitaka kwa mara moja amwambie mumewe ndiyo.

Aliikumbuka kanuni akiwa anapiga pasi shati jeupe ambalo Fundi Breki angelivaa siku ya kuripoti. Akasimamisha pasi. Kesho yake asubuhi akalichukua shati lenyewe, akapanda basi kwenda bondeni.

Mwanamke mtunza nyumba alifurahi kumwona. "Umeshahamia?"

"Bado. Naomba maji nifue kitu kimoja."

"Fungua bomba tu, mama. Pipa limeshakauka."

"Pipa gani?"

"Si lile pale? La mvua. Siku ile si nilikuchotea humo? Haya ya bomba ni ya kisima, kwa kunywa yana ladha kidogo." Akaona uso wa mgeni umebadilika, akaongeza kwa haraka, "Kidogo tu lakini."

Mama Povu akafungua bomba. Sabuni ilizunguka mikononi mwake kama jiwe la mtoni. Badala ya povu ulitoka utando wa kijivu, ukashika vidole, ukashika beseni, ukashika kola ya shati. Akasuuza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaanika kati ya zile nguzo mbili nzuri, akakaa kwenye ngazi kungoja, mikono magotini. Shati lilipokauka alilianua likiwa limetanua mabega lenyewe, kavu kama ubao, na weupe wake umekuwa wa jino la mvuta tumbaku. Mtunza nyumba, aliyekuwa mtu mwema, alimletea birika lake amwonyeshe. Ndani kulikuwa na gamba la chumvi lenye unene wa ukucha.

"Nilidhani unajua," alisema. "Huku sote tunajua."

Kuna aibu ya kudanganywa, na kuna aibu ya kujidanganya katika jambo unalolijua kuliko watu wote waliokuzunguka. Hiyo ya pili haina wa kulaumiwa, ndiyo maana ni nzito kuibeba. Mama Povu alirudi nayo kwenye basi, imekaa pajani kwake pamoja na lile shati.

Wifi aliligusa shati kwa ncha ya kidole. "Hili linaweza kusimama mlangoni kama mlinzi." Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akaenda kuweka chai.

Ni Fundi Breki aliyepandisha sauti, jambo lililokuwa la nadra kama mvua ya kiangazi.

"Nimeshamwambia msimamizi! Nimemwambia bondeni! Sasa nikamwambie nini, kwamba maji hayana povu? Mafundi wale? Watanicheka mpaka nistaafu."

"Mwambie mkeo amekosea."

"Umekataa ghorofa. Umekataa kwangu karibu na gereji. Bondeni umekubali, halafu umekataa. Mama watoto, labda mtaa unaoutaka wewe haujajengwa."

"Basi nitautafuta mpaka uchoke kujificha."

"Na kama haupo? Ukipumzika kidogo utakufa? Mshahara wangu umeongezeka. Hutaomba kitu."

Aliisema kwa wema, ndipo ikawa mbaya zaidi. Mama Povu aliweka kikombe chini. Hakupandisha sauti; aliishusha, na mumewe akalazimika kuinama ili amsikie.

"Unakumbuka siku nilipomwita mtoto asisikie?"

Fundi Breki alishusha macho kwenye lile shati.

"Mimi nakumbuka. Kila siku. Kukosea nimekosea, na nitakosea tena pengine. Lakini mkono wa kuombea nimeuacha kwenye chumba kile. Siwezi kurudi kuuchukua."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na birika. Hakuwa amewahi kuisikia hadithi hiyo. Alimimina chai.

Asubuhi, wote walipokwenda zao kazini na mihangaikoni, Mama Povu alitoka kwenye roshani ya wifi, ambako nako kuanika kulikatazwa. Mji ulikuwa umelala chini yake, mabati na zege, mabati na zege, mpaka macho yanachoka. Dalali alikuwa ameutembeza mji ule kwa mdomo, na Mama Povu akawaza kwamba huenda kosa lake lilikuwa hilo: ameuangalia mtaa mmoja mmoja kwa karibu, kama mtu anayetafuta doa, wakati nguo huangaliwa kwanza kwa mbali. Akaanza kutafuta weupe. Hapa bango la matangazo. Pale gari. Kisha mbali kabisa, kwenye kilima upande linakotoka jua, akaona vitu vyeupe vingi vilivyojipanga, vinapanda na kushuka kwa pamoja, kama ndege ambao hawaondoki.

Shuka. Na hazikuwa kijivu.

Hakumngoja dalali. Alipanda basi, akashuka, akapanda jingine, na hilo la pili lilipanda mlima likinguruma na kunuka moto wa breki za magari yanayoteremka, mpaka dereva akazima injini akasema hakuna zaidi ya hapa. Upepo ulimpokea mlangoni ukamvuta kilemba. Shuka zilikuwa za chuo cha wauguzi, zimeanikwa kwenye uwanja wao nyuma ya seng'enge. Hatua chache juu yake lilikuwa tangi kuu la maji, lile linalogawia mji mzima. Huku kilimani maji yalifika kabla hayajapita kwenye mabomba yenye kutu na visima vya watu. Mama Povu alitazama wanafunzi wawili wakianua. Wauguzi wazuri watakuwa, aliwaza, lakini kukunja shuka hawajui.

Nyumba aliyoipata ilikuwa ya bibi mmoja mkavu, mrefu, aliyekuwa msimamizi wa jikoni hapo chuoni mpaka alipostaafu. Vyumba viwili, si vitatu. Uani kulikuwa na mteremko kidogo, jua na upepo tele. Bibi alimsikiliza mpaka alipofika kwenye neno dobi.

"Hapana."

"Bibi, sijamaliza."

"Mimi nimemaliza. Aliyekuwepo kabla yako alikuwa anafua vilevile. Maji ya sabuni yakawa yanateremka mpaka mlangoni kwangu, utelezi, nikaanguka, nikalala na mguu juu ya mto mwezi mzima. Jirani chini naye mchicha wake ulikufa. Mpangaji namtaka, beseni silitaki."

"Alikuwa anamwaga wapi?"

"Popote mkono ulipochoka."

Mama Povu aliushika ukuta, akatembea kando ya uwanja akiangalia ardhi, akachuchumaa, akachimba kwa kidole. Udongo ulikuwa wa kichanga. "Hapa pakichimbwa shimo la kimo cha mtu," alisema, "likajazwa mawe makubwa chini, madogo juu, na mfereji kutoka pale ninapofulia, maji yote yataingia ardhini. Mlangoni kwako halitafika hata tone."

"Nani atachimba?"

"Mimi."

"Maneno," alisema bibi, akafunga mlango.

Alirudi kesho yake. Bibi akamwambia nimeshasema. Alirudi tena kesho kutwa, akiwa na lile shati, na akaomba kitu kimoja tu: ndoo ya maji na kamba kwa mchana mmoja, maji machafu atayabeba mwenyewe mpaka kwenye mtaro wa barabarani. Bibi alimtazama kuanzia kilemba hadi viatu vilivyojaa vumbi la kilima.

"Mwanangu, huna kwenu?"

"Ndiyo ninapatafuta, bibi."

Akapewa ndoo. Alifua bila haraka. Povu lilipanda, lakini safari hii hakulicheka. Alilitazama kwa jicho la mtu aliyewahi kulaghaiwa. Ule utando wa bondeni ukaachia, kwanza kwenye kola, kisha kwenye vikwapa. Akaanika. Akayabeba maji machafu mpaka kwenye mtaro, safari baada ya safari, na bibi akiwa dirishani akijifanya anachambua mchele. Upepo wa kilimani ulilijaza shati, likafungua mikono, na kabla bibi hajamaliza mchele wake lilikuwa limekauka. Mama Povu alilishika kola, akalikunja mkononi. Laini. Jeupe. Alilinusa, na kwa kuwa bibi alikuwa ameinamia mchele aliliweka usoni akalia kidogo, kisha akajifuta kwa mkono wa shati.

Jioni hiyo alimleta Fundi Breki kuona. Alikuja akiwa na mafuta ya gereji kwenye nyusi, amepanda mabasi mawili. Alisimama uani, akageuka kutazama chini: mji wote, na mbali kabisa, bomba la moshi la kiwanda jirani na gereji.

"Itabidi niondoke kabla ya jogoo," alisema.

"Ndiyo."

"Na kurudi, usiku umeingia."

"Ndiyo."

"Vyumba viwili. Watoto watalala wapi?"

"Watoto chumba kimoja, sisi kimoja. Sebule ni uani."

Alikanyaga ardhi kwa kisigino, kama alivyokuwa akikanyaga pedali kabla ya kutia saini kwamba gari limepona. Basi moja lilipita barabarani likiteremka, likilia kama mbuzi aliyevutwa sikio, na Fundi Breki aliligeukia bila kutaka. "Breki za nyuma zimekwisha zile," akasema. "Huyu dereva anashuka kwa dua." Kisha akamtazama mkewe, na alipozungumza sauti yake ilikuwa imechoka na haikuwa na mzaha.

"Sipapendi hapa. Nakwambia ukweli. Nimechoka hata kabla sijahamia."

"Mara ya kwanza nilikufuata mimi," alisema Mama Povu, "nikachoka miaka yote ile. Sikukwambia, na hilo ni kosa langu. Wewe umeniambia siku ya kwanza. Basi tunajua. Lakini nakuomba unifuate. Na nikishindwa hapa, kwa maji haya, kwa upepo huu, sitakuwa na neno tena. Nitakufuata popote, hata nyuma ya kile kiwanda cha mipira."

Fundi Breki aliondoa kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena. "Shimo la kimo cha mtu," alisema. "Kimo changu au chako?"

"Chako ni kirefu."

"Basi ni chako. Mimi nina kazi asubuhi."

Bibi mwenye nyumba aliwapa ufunguo kwa sharti moja: shimo kwanza, vitanda baadaye. Wifi alikuja siku ya kuhama akiwa na viatu vya kisigino kirefu, akalaani kila hatua ya kilima, akamwambia wifi yake kwamba sasa ameamini wendawazimu ni ugonjwa wa ukoo wa watu wengine, halafu akavua viatu na kuanza kuokota mawe. Fundi Breki alichimba jioni ile ya Jumapili mpaka kiunoni, akaishia hapo. Alfajiri aliondoka gizani bila kulalamika, ingawa alijikwaa kwenye beseni mlangoni na beseni likasema kwa niaba yake.

Mama Povu aliteremka shimoni kulipokucha. Udongo ulikuwa wa baridi, na kadiri alivyochimba ndivyo upepo ulivyopotea, akabaki na sauti ya jembe na pumzi yake. Mgongo uliuma. Alikuwa amefika kifuani, kisha mabegani, alipoona viatu vyeupe vya mpira vimesimama ukingoni. Alikuwa msichana wa chuo cha wauguzi, amekumbatia furushi la sare.

"Shikamoo, mama. Wamesema huku kuna dobi."

"Marahaba. Yupo."

"Yuko wapi?"

"Unaongea naye."

Msichana alichungulia ndani, akamwona mtu mwenye udongo mpaka kwenye kope, akarudi nyuma nusu hatua. "Kesho kutwa tunaingia wodini kwa mara ya kwanza," alisema. "Wakaguzi wanaangalia kola."

Mama Povu alipangusa mkono wake mmoja kwenye gauni, akaunyoosha juu ya ukingo, akashika ncha ya sare bila kuichafua. Alikisugua kitambaa kati ya vidole viwili.

"Ziweke pale kivulini, juu ya ngazi," alisema. "Ukienda, waambie wenzako walete kuanzia kesho. Leo bado nachimba."

Sauti yake ilitoka shimoni ikavuka uwanja mzima, na bibi, aliyekuwa ndani, akaitika akidhani ameitwa.